Jiwe Langu Kwenye Kinu cha Mama

Swali lililoninyima usingizi majuma yale halikuwa kubwa. Vitundu viwili vilivyokaa jirani ndani ya jiwe, je, vinafahamiana?

Mama aliponiuliza kwa nini macho yamenivimba, nilimjibu hivyo hivyo. Akanigusa paji la uso, akaenda kunipikia uji.

Nilikuwa na jiwe moja la chokaa, rangi ya maziwa yaliyoganda, lililokatwa mviringo likafanana na betri kubwa ya redio. Mwalimu wangu wa chuo alinikatia kutoka kwenye bonge tulilolitoa kwenye machimbo ya pwani, nami nikaliandikia tasnifu yangu yote ya mwaka wa mwisho. Nilipohitimu nikarudi nalo nyumbani Litembo, kwenye mlima wa kahawa na mahindi, mahali ambapo ukiokota mawe mchana kutwa hutapata hata moja la chokaa. Nililitunza ndani ya soksi ya sufi. Mawe mengine madogo ya aina ile yalikuwa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda.

Watu wengi hudhani mafuta na gesi hukaa chini ya ardhi kama maji kwenye pipa, kwamba ukitoboa tu unachota. Hukaa ndani ya mawe, kwenye vitundu ambavyo vingi huvioni kwa macho. Na mawe ya chokaa yana tabia ngumu kuliko mawe yote. Yalijengwa na viumbe hai, konokono na matumbawe na mwani, halafu maji yakapita humo kwa miaka isiyohesabika, hapa yakiyeyusha, pale yakiziba. Jiwe moja linaweza kujaa matundu kama mkate na bado lisipitishe tone, kwa sababu kila tundu limefungwa peke yake. Gesi iliyomo imo kwelikweli. Haitoki, basi.

Kwenye tasnifu nilikata kipande chembamba cha jiwe langu, ubapa unaopitisha mwanga, nikautazama kwa hadubini na kuhesabu vitundu mpaka shingo ikakakamaa. Vilikuwa vingi. Lakini ubapa ni ubapa. Vitundu viwili vinavyoonekana kutengana kwenye picha vinaweza kuwa vimeshikana mikono nyuma yake, na viwili vinavyoonekana kugusana vinaweza kuwa na ukuta katikati. Hivyo nikahitimisha kwamba inawezekana jiwe hili likapitisha gesi, lakini utafiti zaidi unahitajika. Nilipata alama nzuri. Nilikuja kutambua baadaye kwamba hakuna sentensi niliyoipenda maishani kama ile. Ilikuwa na mlango mbele na mlango nyuma, na mimi nimesimama katikati nikiwa salama.

Nyumbani nako nilisimama katikati, ila usalama sikuuona. Machi kwetu ni mwezi wa ukungu na mvua. Asubuhi unafungua dirisha, mgomba wa karibu unaonekana, wa pili hauonekani. Barabara ya kushuka Mbinga mjini inakuwa tope jekundu. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi kila mahali nilipopajua, na nilichobaki nacho kilikuwa kusubiri simu katika nyumba ambayo mtandao hauingii. Ili upate mtandao ilibidi upande hadi kona ya njia ya hospitali na usimame penye mkaratusi uliovunjika. Kupanda pale maana yake ni kukutana na watu, na kukutana na watu maana yake ni kuulizwa.

Kosa lilikuwa la baba, naye alilifanya kwa upendo. Siku niliyorudi alisimama kwenye jumuiya, pale familia kumi na kitu tunapokutana kusali nyumba kwa nyumba, akatangaza kwamba binti yake ni mtaalamu wa mafuta. Tangu siku hiyo kila juma wakati wa maombi mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri alikuwa anasema, "Tumwombee binti yetu apate mafuta." Nao wote, "Ee Bwana utusikie." Mimi nimekaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, nikifikiria kama ningewaambia kwamba ninachoomba ni ajira, na kwamba mafuta yenyewe yapo au hayapo tangu kabla ya Adamu. Sikuwaambia. Nilipiga hesabu ya maswali yatakayofuata, nikaona bora kuitikia.

Ujumbe ulikuja nikiwa penye mkaratusi. Kampuni ndogo ya utafiti ilikuwa imeweka kambi Mbamba Bay kutazama mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa katika nchi nyingine mafuta yamepatikana ndani ya chokaa iliyojengwa chini ya maziwa ya zamani. Walitaka kijana mmoja wa kujifunza kazi. Usaili ungefanyika huko huko ziwani, baada ya majuma mawili. Waliandika kwamba nije na jiwe nililolifanyia kazi, niwaeleze, kisha nijibu swali moja: kama mwamba wa namna hii ungekuwa chini ya ardhi, ungeshauri tuchimbe au tusichimbe?

Nikasoma tena na tena, nikitafuta pahali walipoandika "au utafiti zaidi unahitajika". Hapakuwepo.

Kuanzia hapo jiwe likanikalia kifuani. Asubuhi nilikuwa nasema ningechimba. Nikimaliza chai nimeshabadilika. Dawa ilikuwepo, tena rahisi: kulipasua, kutazama ndani, kuliweka kwenye kitu cha majimaji na kuona kama linakunywa. Lakini lilikuwa moja tu; yale ya kwenye boksi yalikuwa madogo mno kupimwa. Nikilipasua nitaonyesha nini kwenye usaili? Na kama likionyesha kwamba vitundu vyote vimefungwa, si nitakuwa nimekwenda kuomba kazi ya kutafuta mafuta nikiwa na jiwe lisilofaa? Basi nililitoa kwenye soksi, nikaligeuza, nikalirudisha kwenye soksi.

Mama alikuwa ananiona. Siku moja akasimama mlangoni na ungo mkononi.

"Jiwe gani hilo linavalishwa soksi, na baba yako anakwenda shamba miguu mitupu?"

Nilicheka, nikataka kumwonyesha. Nilikwangua unga kidogo kwa kisu, nikaukamulia ndimu. Ukatoa povu, ukachemka chichichi kwenye sahani. Mama akainama mpaka pua ikakaribia.

"Linachemka bila moto!"

"Ni chokaa tu, mama. Chokaa ikikutana na uchachu inafanya hivyo. Inaumaliza uchachu."

"Inaumaliza?"

"Kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, akaondoka na ungo wake. Nilidhani nimemfundisha jiolojia.

Siku chache baadaye bwana shamba alipita akaangalia miche yetu ya kahawa iliyo nyuma ya jiko. Majani yalikuwa yamegeuka manjano. Alisema udongo una uchachu, unahitaji chokaa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa mteremkoni na baba tukifanya ngoro, maana ndio msimu wa kupanda maharage. Asiyejua ngoro, ni namna yetu sisi wa milimani ya kulima mahali ambapo hata mbuzi anashikilia kwa kucha. Unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima uwe na visanduku, halafu unachimba udongo katikati ya kila kisanduku na kuzifukia. Unabaki na mashimo yaliyozungushiwa matuta. Mvua ikinyesha kila shimo linabaki na maji yake, udongo hauendi mtoni, na maharage yanakaa juu ya matuta.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mteremko wote ulikuwa unang'aa, mashimo yamejaa maji, na hakuna hata moja lililomwagikia jirani yake. Nilisimama na jembe nikatazama muda mrefu. Maji mengi namna ile, na chini kabisa kwenye kijito hakufiki kitu.

"Unaota?" baba akauliza.

"Baba, mtu akisimama pale kijitoni na ndoo, atajaza?"

"Kwa maji ya shamba langu?" Aliudhika kweli. "Mimi nimelima ovyo?"

Tulipokuwa tunapanda kurudi nilisikia kinu kinagonga. Nazijua sauti zote za kinu chetu, mahindi makavu na mahindi yaliyolowekwa na mihogo, na hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa inakwaruza. Nikaongeza mwendo bila kujua kwa nini.

Mama alikuwa amefunga kanga kiunoni, uso umekuwa mweupe kwa vumbi kama mtu wa mazingaombwe. Pembeni ya kinu palikuwa na nyundo ya baba, boksi langu la viatu likiwa tupu, na soksi.

"Mama, unatwanga nini?"

"Chokaa yako. Gumu hilo, mwanangu! Limeniharibia mchi."

"Chokaa gani?"

"Hii hii ya kwenye soksi. Ilibidi nianze na nyundo. Miche ile minne ya mwanzo nimeshaiwekea, sasa namalizia ya huku."

Sikupiga kelele. Najua watu hupiga kelele katika hali ile, na nilifikiria kupiga, nikafikiria pia kwamba majirani watakuja, na nitawaeleza nini. Nikakaa chini kwenye tope.

"Hilo lilikuwa la usaili, mama."

"Usaili wa jiwe?" Akashika mchi kwa mikono miwili. "Si wewe uliyesema ni chokaa tu? Kwa mdomo wako. Ukasema inamaliza uchachu kabisa. Bwana shamba naye anasema udongo una uchachu. Miche inakufa ninaitazama, na chokaa imelala kwenye soksi! Ningeuliza nini tena?"

Baba akafika, akatutazama. "Kuna nini?"

"Mkeo ametwanga kazi yangu," nikasema.

Baba akatua jembe. "Kwani huko pwani mawe yameisha?"

Nilipanda hadi penye mkaratusi, manyunyu yakinipiga usoni. Niliandika ujumbe kwamba nasikitika, sitaweza kuhudhuria. Halafu nikaanza kufikiria sababu. Nikiandika ugonjwa, wakiniita mwakani je? Nikiandika ukweli, kwamba jiwe limetwangwa na mama yangu kwa ajili ya kahawa, nani ataamini? Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Na katika kufuta huko nikahisi kitu kibaya: nilikuwa na nafuu. Jiwe likiwa limetwangwa, sina haja ya kujibu. Mlango wa nyuma umefunguka wenyewe, nipite tu nirudi kwenye ukungu.

Yule mama mnene wa jumuiya akatokea njiani na mwavuli uliokatika vyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Umeyapata?"

"Nini, mama?"

"Si mafuta?"

"Bado, mama."

"Tutaongeza rozari," akasema, akanishika bega, akaendelea na safari yake.

Nikabaki na simu mkononi, nikijiona kwenye mkeka ule mwakani na mwaka unaofuata, nimeinamisha kichwa, nikiombewa. Sikuutuma ujumbe. Sikuufuta pia. Niliirudisha simu mfukoni, ujumbe ukiwa vile vile.

Nyumbani mama alikuwa ameacha kutwanga. Hakuniomba radhi wala mimi sikumdai. Alikuwa amechekecha unga, na juu ya chekeche zilibaki chenga zilizoshindikana, pamoja na kipande kimoja kikubwa, karibu nusu ya ile betri yangu, kilichopasuka wima.

"Hili limenishinda," akasema bila kunitazama. "Chukua."

Nilikichukua nikaenda nacho barazani penye mwanga, nikatoa lenzi yangu ya mkononi. Zaidi ya mwaka nililitazama jiwe lile kwa nje na kwa ubapa. Sikuwahi kuliona likiwa limefunguka. Vitundu vilikuwepo, vingi kama nilivyovihesabu, vyenye umbo la vigamba vya konokono walioyeyuka zamani. Ndani ya kila kimoja kuta zilikuwa zimetandwa fuwele safi, zinametameta kama sukari. Na pale ambapo kimoja kilipaswa kukutana na jirani yake, fuwele hizo hizo zilikuwa zimejaa pomoni. Nilihama kutoka kitundu hadi kitundu. Ukuta. Ukuta. Ukuta.

Bado sikuamini, ndio ugonjwa wangu. Nikamwomba mama sahani na mafuta ya taa. Nikamimina kidogo, nikakisimamisha kipande kile kama mtu aliyeloweka miguu. Mafuta yakipata njia hupanda yenyewe ndani ya jiwe, na unayaona kwa jinsi rangi inavyokoza. Mama akavuta kigoda akakaa pembeni. Tulitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Rangi ilipanda unene wa ukucha, ikasimama.

"Halinywi," mama akasema.

"Tusubiri kidogo."

Tulisubiri mpaka kuku wakaingia kulala. Ile alama haikusogea.

"Halinywi," mama akarudia. "Kwa hiyo ni zuri au baya?"

Nikafungua mdomo nianze, kwamba inategemea, kwamba kama kungekuwa na nyufa, kwamba kipande kimoja hakiwakilishi mwamba mzima. Mama alikuwa ananisubiri, vumbi la chokaa bado likiwa kwenye nyusi zake.

"Halifai," nikasema. Ilinitisha jinsi neno lilivyokuwa fupi.

Siku ya safari mvua ilikuwa imekwangua barabara. Kijana wa bodaboda aliniambia nishuke mara mbili nitembee kando, huku yeye akiisukuma pikipiki kwenye tope.

"Dada, wanasema wewe ni wa mafuta," akapaza sauti. "Ukiyapata, petroli si itashuka bei?"

"Sijui."

"Hujui? Sasa umesomea nini?"

Hakungoja jibu, alikuwa anacheka. Mbinga mjini nilipanda gari la Mbamba Bay. Lami inashuka kwa mizunguko, masikio yanaziba, halafu ziwa linatokea upande mmoja wa dirisha, kubwa kiasi kwamba linaonekana limeinuka kuliko barabara. Njia nzima nilikuwa nimeshika mfuko mapajani. Ndani yake kulikuwa na kile kipande kikinuka mafuta ya taa, na kopo la chenga. Nilikuwa bado napanga. Naweza kusema ningechimba kwa tahadhari. Naweza kusema nisingechimba kwa sasa. Kila sentensi niliyoijenga ilikuwa na "lakini" imekaa katikati kama mtu aliyeziba mlango.

Walinikaribisha kwenye veranda ya nyumba ya wageni, ufukweni. Chini yetu wanawake walikuwa wanageuza usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja, na harufu yake ilikuwa inafika mezani. Aliyenihoji alikuwa mama mmoja mwembamba, mvi zimeanza, buti zake zimekaukiwa na udongo. Pembeni yake kaka mmoja kijana alikuwa anaandika.

"Jiwe lako ni hili?" Akalipindua. "Mbona linanuka mafuta ya taa? Limepatwa na nini?"

"Mama yangu amelitwanga. Alitaka chokaa ya kuweka kwenye kahawa."

Kaka akaacha kuandika. Yule mama akanitazama juu ya miwani yake, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Na kahawa inaendeleaje?"

"Bado ya manjano. Ni mapema."

"Haya. Nieleze."

Nilimweleza habari za konokono na fuwele, kisha mikono yangu ikaanza kuchora mezani yenyewe. Nilimwambia juu ya ngoro, mashimo ya shamba la baba yanayojaa maji bila kumwagikiana, na mtu wa kijitoni mwenye ndoo kavu. Alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Sasa mwamba wa hivi uko chini, umejaa gesi. Mabosi wangu wanataka kusikia habari njema, na wewe unataka kazi. Tuchimbe?"

Chini ufukweni mtu alimwita mwenzake, wakajibizana kwa Kinyasa. Nilihisi ile sentensi yangu ya zamani ikipanda kooni, na milango yake miwili, imenawa uso, iko tayari.

"Tusichimbe," nikasema.

"Nikimwaga tindikali nifungue njia?"

"Tindikali inahitaji pa kuingilia. Mafuta ya taa yamesimama unene wa ukucha."

"Na nyufa?"

"Kwenye jiwe hili nimezitafuta, sikuziona. Nikiziona nitasema."

Alilishika jiwe akalielekeza kwenye mwanga wa ziwa, akatulia nalo. Kimya kikawa kirefu, cha aina ile ambayo maisha yangu yote nimekuwa nakijaza. Neno lilikuwepo tayari ulimi ukiligusa: "lakini". Nikaiweka mikono yangu chini ya meza, nikafunga mdomo, nikamwacha atazame.